Kiswahili cha Mgeni: Jose Chameleone Darasani

Katika toleo hili tunapenda kumjadili mwanamuziki ambaye wanafunzi wetu wanamfahamu kuliko wanavyowafahamu washairi tunaowasomesha. Naye ni Joseph Mayanja, maarufu kwa jina la Jose Chameleone, Mganda aliyejipatia sifa kwa kuchanganya reggae, dancehall na rumba. Nyimbo zake zimesikika miaka mingi hapa Kigali, kuanzia Nyabugogo hadi Nyamirambo, na ameshirikiana na DJ Pius, msanii wa hapa kwetu, katika wimbo "Agatako". Swali letu ni hili: je, Kiswahili chake kina nafasi darasani?

Chameleone hakukipata Kiswahili kwa mama yake. Alianza kazi kama DJ nchini Uganda, kisha akaenda Nairobi, akarekodi na studio ya Ogopa Deejays na kuimba "Bageya" pamoja na Mkenya Redsan. Nchini kwake Waganda wengi walikihusisha Kiswahili na askari, hasa wakati wa utawala wa Idi Amin (1971-1979). Nairobi, kinyume chake, ilikuwa lugha ya soko, ya basi na ya ujirani. Mgeni asiyeijua hupata taabu. Aliporudi Kampala hakuiacha. Tazama majina ya albamu zake: Njo Karibu (2002), Mambo Bado (2004), Kipepeo (2005), Shida za Dunia (2006), Vumilia (2010). Kwa msanii mwenye makazi Kampala, kuendelea kuzipa albamu majina ya Kiswahili si jambo dogo. Ni kuchagua wasikilizaji wa Afrika Mashariki nzima.

Hebu tuyachunguze majina hayo kama walimu wa lugha. "Shida za Dunia" lina upatanisho sahihi wa kisarufi: shida ni nyingi, nazo zimechukua "za". Wanafunzi wetu wangapi wangeandika "shida ya dunia"? Kiganda, kama Kinyarwanda, kina ngeli zake, na mzungumzaji wake hujua tangu utotoni kwamba nomino hutawala maneno yanayoifuata. Huo ni mtaji ambao mara nyingi tunasahau kuutumia.

"Njo Karibu" ni habari nyingine. Kiswahili sanifu kinadai "njoo", kwa irabu mbili. Aidha, mwanafunzi wa Rubavu, aliyezoea Kiswahili cha Goma, anaweza kuisikia "njo" kwa maana ya "ndiyo" au "ndivyo". Kosa la herufi moja linafungua mlango wa somo zima kuhusu lahaja, tahajia na maana.

Wapo walimu watakaosema kwamba lugha ya namna hii inaharibu watoto. Wapo pia watakaosema kwamba muziki ni burudani tu, usihakikiwe. Hatukubaliani na upande wowote. Chameleone hachungi mipaka ya lugha: huanza kwa Kiswahili, akaingia Kiganda, akatokea Kiingereza. Kwa maoni yetu, kuchanganya huko kunafaa pale kunapomfikishia msikilizaji mpya hoja ileile, na kunadhoofisha wimbo pale lugha ya pili inapoletwa ili kujaza mahadhi tu. Mhakiki ana wajibu wa kutofautisha hali hizo mbili.

Tukumbuke pia kwamba dancehall yenyewe ilizaliwa katika Kijamaika, lugha ya mitaani iliyodharauliwa shuleni huko Jamaika, lakini ikafika duniani kote kwa sauti za waimbaji.

Jambo hili linatuhusu sana hapa Rwanda. Kwa muda mrefu Kiswahili kilionekana kuwa lugha ya Biryogo na Nyamirambo, ya wachuuzi na madereva. Mwaka 2017 kikawa lugha rasmi. Hata hivyo, wanafunzi wengi wanaopata alama nzuri katika mtihani wa ngeli hunyamaza wanapotakiwa kuzungumza, kwa kuogopa kuchekwa. Chameleone hakusubiri Kiswahili chake kisafike ndipo aimbe. Alikitumia, kikamlisha, kikamvusha mipaka.

Kwa hiyo tunawashauri walimu wenzetu wazilete nyimbo zake darasani kama matini ya kuchambuliwa, wala si kielelezo cha usanifu. Wanafunzi wasikilize, wanukuu, watenganishe lugha, wasahihishe tahajia, kisha waeleze kwa midomo yao wenyewe wimbo unasema nini. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote, na mwalimu asiwakatize kwa kila kosa. Wahenga walisema: mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota.