«Start» si «anza» tu: neno moja la Kiingereza katika tamthilia ya Macbeth

0. Utangulizi

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza alipoombwa kueleza swali ambalo Banquo anamwuliza Macbeth mbele ya wachawi, alijibu hivi: «Banquo anamwuliza mwenzake kwa nini anaanza.» Darasa lilicheka. Yeye mwenyewe aliona kwamba jibu halina maana, lakini hakuona kosa liko wapi. Alikuwa amejifunza tangu shule ya sekondari kwamba «start» ni «commencer», na kwamba «commencer» ni «kuanza». Daraja hilo la Kifaransa, ambalo sisi wa Kongo tunalipita kila siku tukienda kwa Kiingereza, safari hii lilimwangusha mtoni.

Makala haya yanataka kuonyesha mambo mawili. La kwanza: neno hilo lilikuwa jina la mwendo wa ghafla kabla halijawa jina la mwanzo. La pili: katika Macbeth, tamthilia ambayo Shakespeare aliiandika yapata mwaka 1606, neno hilo limebeba mzigo mkubwa, na mfasiri asiyelitambua huvunja uti wa mgongo wa kazi nzima.

1. Neno na jamaa zake

Kwa asili, «start» ni kuruka au kujitupa ghafla. Lina undugu na «stürzen» la Kijerumani, yaani kuanguka kwa kishindo au kuporomoka. Maana ya «kuanza» ilikuja baadaye sana: anayeruka kutoka mahali aliposimama ameanza safari. Mtoto huyo wa mwisho amekua hata amewafunika kaka zake, na msomaji wa leo hukutana naye peke yake.

Kiswahili hakikosi maneno ya kutaja mwendo huo. Shida ni kwamba Kiingereza kimekusanya katika kitenzi kimoja yale ambayo sisi tumeyagawa. Mtu akisikia kishindo, mwili wake ukaruka na kutulia palepale, tunasema ameshtuka. Sungura akitoka mbio kichakani, tunasema amekurupuka. Na mbwa aliyemtoa amemkurupusha. Jicho au msumari ukitoka mahali pake, tunasema umechomoka. Msafiri akiondoka, tunasema ameshika njia, na chombo kimeng'oa nanga. Mahali pote hapo Mwingereza anaweza kusema «start».

Mwanafunzi atajuaje basi? Aangalie neno linaandamana na nani. Likifuatwa na «at», mara nyingi kinachotajwa ni kile kilichomshtua mtu. Likifuatwa na «up», mtu ameinuka ghafla alipokuwa ameketi au amelala. Tena, Kiingereza hutumia umbo lilelile kwa anayeshtuka na kwa anayeshtua, lakini Kiswahili hutofautisha kwa kiishio: shtuka na shtua, chomoka na chomoa. Tukifasiri, sarufi yetu inatulazimisha kuuliza nani amemtenda nani. Huo si umaskini wa lugha.

2. Mahali panne katika tamthilia

Katika tendo la kwanza, onyesho la tatu, wachawi wanamsalimu Macbeth na kumwambia kwamba atakuwa mfalme. Ni habari njema, lakini Banquo anaona mwili wa mwenzake umeruka, naye anamwuliza sababu. Kisha anaongeza kwamba Macbeth anaonekana kuogopa mambo ambayo yanasikika vizuri. Kuna maneno mawili hapa, si moja. Mfasiri anayeandika «mbona unaogopa?» ameyachanganya: ametangaza sababu kabla ya kuonyesha dalili. Neno «shtuka» lina faida kwamba halitaji sababu. Mtu hushtuka kwa hofu, kwa furaha, hata kwa kuguswa begani. Swali la Banquo linabaki wazi, na mtazamaji analazimika kulijibu mwenyewe.

Katika tendo la tatu, onyesho la nne, mzuka wa Banquo unakaa kwenye kiti cha Macbeth karamuni. Mke wake anamkaripia kwa sababu ya mishtuko hiyo, ambayo anasema ni bandia mbele ya hofu ya kweli, na inafaa hadithi za bibi kizee kando ya moto. Katika tendo la tano, onyesho la kwanza, mke huyo anatembea usingizini, na katika maneno yake yaliyovunjikavunjika anamlaumu mumewe kwamba anaharibu kila kitu kwa kushtukashtuka.

Hatimaye, katika onyesho la tano la tendo hilohilo, wanawake wanalia ndani ya ngome. Macbeth anakumbuka kwamba zamani kilio cha usiku kingemgandisha hisia, na hadithi ya kutisha ingemsimamisha nywele. Sasa amezoea vitisho, wala havimshtui tena. Mara baada ya hapo anaambiwa kwamba malkia amekufa.

Hiyo ndiyo njia ya mtu huyu. Mwanzoni alishtuka kwa neno jema, maana dhamiri yake ilikuwa bado hai. Mwishoni hashtuki kwa neno lolote. Uhai wa dhamiri umepimwa kwa kitenzi kimoja, na mtunzi ameukomesha kwa kitenzi hichohicho.

3. Kazi ya mfasiri

Ikiwa ni hivyo, mfasiri hana ruhusa ya kuandika «ogopa» mahali pa kwanza, «wazimu» mahali pa pili, «tetemeka» mahali pa tatu na «tisha» mahali pa nne, hata kama kila neno linafaa likitazamwa peke yake. Uzi utakatika. Kiswahili kinampa mzizi mmoja unaotosha pote: shtuka, mishtuko, kushtukashtuka, kushtua. S. S. Mushi alichapisha tafsiri yake ya tamthilia hii mwaka 1968 kwa jina la Makbeth. Tungependa wanafunzi wetu waisome mkononi mwao mkiwa na kipimo hiki, wafungue mahali hapo panne, na kila mmoja atoe hukumu yake.

Kuna watakaosema kwamba kurudia neno moja ni uchovu wa mtindo, na kwamba shuleni tulifundishwa kubadilisha maneno. Tunawajibu kwamba kanuni hiyo inafaa insha, lakini katika tamthilia marudio ni sehemu ya maana.

4. Hitimisho

Wahenga walisema: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Hawakusema huogopa. Walijua kwamba mwili hukumbuka kabla akili haijasema, na kwamba ukambaa hauna kosa. Nyoka yumo katika kumbukumbu. Macbeth naye hakuumwa na wachawi: walimgusa tu pale palipokuwa na jeraha. Yule mwanafunzi wetu alikuwa na methali hiyo nyumbani kwao tangu utoto. Angeanza na lugha yake kabla ya kukimbilia daraja la Kifaransa, angelijibu swali la Banquo vizuri kuliko kamusi. Walimu tumdai hivyo, naye atatushukuru.