Fundi Asiyevunja Bolti

Lori linalopandisha salfa ya mikorosho kutoka Masasi kwenda Newala hufika juu ya uwanda wa Makonde eksozi ikiwaka. Injini ya dizeli yenye mzigo hutoa moshi unaoweza kupita nyuzijoto 500. Chuma hutanuka, kisha hupoa na kusinyaa. Maji ya mvua yakiongezeka, kutu hushika meno ya bolti za eksozi na nati hugoma kufunguka.

Hapo fundi wa gereji, wa Lisekese pale Masasi au wa mji wowote wa njia hiyo, anastahili pongezi, hasa yule asiye na papara. Hakimbilii kurefusha spana kwa bomba. Husugua kutu kwa brashi ya waya, hunyunyiza mafuta ya kupenya na kuyaacha usiku kucha. Asubuhi hukaza kidogo kwanza ili kutu ipasuke, kisha hulegeza robo mzunguko, hurudisha, hulegeza tena. Nati ikishupaa, huipasha kwa moto wa gesi mpaka itanuke iachie.

Mteja hunung'unika gari kulala gereji. Anung'unike tu! Bolti ikikatikia ndani ya silinda hedi, itabidi kuchomelea nati juu ya kisiki chake au kukitoboa kwa drili, na hedi ya aluminiamu huharibika upesi.

Ufundi wenyewe uko kwenye kufunga. Meno husafishwa na kupakwa grisi ya shaba inayostahimili joto, gasketi huwa mpya, na bolti hukazwa kuanzia katikati kwenda pembeni. Baada ya safari kadhaa, injini ikiwa baridi, fundi huangalia kama kuna masizi kwenye kiungo: moshi unaovuja huacha alama nyeusi.