Lete Viatu vya Kazini

Mwalimu aliingia gereji na Corolla ya zamani, ya gia za mkono, amekaa ukingoni mwa kiti kama mgeni anayeogopa kuchafua kochi la watu. Ni mfupi. Ili klachi ifike chini ilimbidi avute kiti mbele mpaka usukani ukaribie kumgusa kifua. Juu ya pedali hiyo mtu alikuwa amemfungia kibao kwa mpira wa tyubu. Fundi alikitazama, akakata mpira kwa wembe, akakiweka kando bila kumsema aliyekifunga.

"Mwalimu, shuleni unakwenda na ndala hizi?"

Viatu vya kazini vilikuwa kwenye mkoba. Fundi akavipokea, akavipindua, akachunguza soli ya kulia ilivyolika pembeni mwa kisigino. Kisha akamwomba avivae, akaketi chini kwenye kokoto, mlango wa dereva ukiwa wazi, akawa anatazama miguu tu. Kanyaga. Achia. Kanyaga tena. Robo saa ikapita na hakuna spana iliyoguswa. Mimi niliyekuja kusubiri gari langu nilianza kumwona mvivu, na nikakosea.

Alikuwa anatafuta goti linalobaki limekunjwa kidogo hata pedali ikifika mwisho. Alitafuta kisigino cha kulia kinachotulia sakafuni, ili mguu uhame kutoka mafuta kwenda breki kwa kuzunguka tu, pasipo kunyanyuka. Tena alitaka kifua kikae mbali na usukani, angalau sentimita 25, maana mfuko wa hewa ukifumuka humpiga vibaya aliyeukumbatia. Kwa hiyo alianza na kiti: akakirudisha nyuma, akausimamisha mgongo wake, akaweka mto mgumu chini. Ndipo umbali uliobaki kati ya mguu na pedali ukajulikana, nao ndio uliokuwa kazi yake.

Tumezoea kudhani pedali zilizaliwa zimepangwa hivi, klachi kushoto, breki katikati, mafuta kulia. Ford Model T nayo ilikuwa na pedali tatu, lakini ya katikati ilirudisha gari nyuma na mafuta yaliongezwa kwa mkono. Mpangilio wetu ulionekana kwenye Cadillac Type 53 ya mwaka 1916. Gari lilikuwa likijifunza miguu ya watu, na kwa watu wafupi somo halijaisha.

Kwa pedali za klachi na breki fundi alikata vipande vya alumini yenye mikwaruzo, akatoboa, akavikaza kwa bolti na nati za kujifunga, juu akarudisha mpira. Kijana wake alishauri wachomelee, iishe haraka. Alijibiwa kwa kutazamwa tu. Mkono wa pedali ya breki hauchomwi moto. Chuma kilichopoteza ugumu wake hakikuambii siku kitakayopinda.

Kisha ikaja sehemu niliyoipenda kuliko zote. Alichukua rula ya mwanafunzi, akaisimamisha sakafuni kando ya klachi, akaisukuma pedali kwa kidole. Kwa kidole, si kwa mguu, kwa sababu mguu una nguvu mno kuhisi kitu kidogo. Pedali ikashuka kilegevu, halafu ikagoma. Ule ulegevu ndio mafundi wanaouita plei, na kwa Toyota nyingi za namna hii unatakiwa uwe milimita 5 hadi 15. Ukikosekana kabisa, klachi haishiki sawasawa, diski inaungua taratibu. Ukizidi, gia zinalia kila unapoingiza. Akalala chali chini ya dashibodi, tochi mdomoni, akalegeza nati, akakizungusha kijiti kinachosukuma pistoni ya masta silinda, akatoka, akapima, akarudi tena chini. Nilihesabu safari sita. Ustadi wote ule ulikuwa wa kuacha nafasi tupu yenye ukubwa unaofaa.

Kwenye breki nafasi ni ndogo zaidi, na kosa lake ni la hatari. Kijiti kikirefushwa kupita kiasi, pistoni hairudi mpaka mwisho, mafuta ya breki yanabanwa njiani, na gari linatembea huku limejishika. Dereva hatajua mpaka anuse moto. Kijana alitumwa nyuma ya gari kutazama taa za breki: ziwake mguu unapogusa, zizime unapoachia.

Mwalimu akaenda kuzunguka mtaa. Aliporudi alikuwa ameegemea kiti, mgongo wote.

"Nimeipata, fundi. Naikanyaga mpaka chini."

"Usizime kwanza, mwalimu."

Akazunguka gari akisogeza kiganja karibu na rimu, moja baada ya nyingine. Kwenye ile ya mbele kushoto alikawia. Akasogeza tena kiganja, akarudi ya kulia kulinganisha, akarudi kushoto. Kisha akaomba tochi, akalala chali, akarudisha nati ya kijiti cha breki robo mzunguko.