Usahihi Kabla ya Kasi: Uhakiki wa Ushughulikiaji wa Rejista katika OpenOCD

Mhandisi anaposimamisha kichakataji ili kutafuta hitilafu, huamini kwamba thamani anazoziona kwenye skrini ndizo zilizomo ndani ya rejista. Makala hii inahakiki namna OpenOCD, programu huria iliyotokana na tasnifu ya Dominic Rath ya mwaka 2005 huko Augsburg, Ujerumani, inavyoilinda imani hiyo kwa vichakataji vya Cortex-M.

Ili kusoma rejista, namba yake huandikwa katika DCRSR, kisha thamani huchukuliwa katika DCRDR baada ya biti ya S_REGRDY kuonyesha kwamba iko tayari. Kusubiri jibu kwa kila rejista hupoteza muda. Kwa hiyo programu huyapanga maombi yote katika foleni moja, kisha huikagua biti hiyo kwa kila rejista. Mojawapo isipokuwa tayari, usomaji hurudia njia ya polepole. Uamuzi huu unastahili sifa, kwani umeongeza kasi bila kuondoa ushahidi wa usahihi.

Upande wa uandishi haujafikia kiwango hicho. PRIMASK, BASEPRI, FAULTMASK na CONTROL hufikiwa kupitia neno moja la biti 32, kila moja ikiwa na biti 8. OpenOCD humwonyesha mtumiaji rejista nne, kisha huyakusanya mabadiliko yake katika neno hilo kabla ya kuliandika. Ukusanyaji huo hutegemea jedwali la rejista kupitiwa kutoka mwisho kwenda mwanzo, na msomaji wa msimbo huonywa kuhusu sharti hilo kwa maelezo ya pembeni. Mchangiaji mgeni akiugeuza mpangilio, kikusanyaji hakitalalamika. Hata hivyo, neno litakuwa limeshapitwa kabla ya PRIMASK kuingizwa, na mhandisi ataamini amezuia ukatizaji ilhali haukuzuiwa.

Tunapendekeza utegemezi huo uelezwe na muundo wa data wenyewe na ulindwe kwa majaribio ya kiotomatiki. Kwa washauri wa sera, funzo ni kwamba uhuru wa msimbo hutuwezesha kuuona udhaifu, lakini hauuondoi. Taasisi inayochagua zana huria kwa sababu haina ada ya leseni haina budi kutenga pia fungu la kuitunza.