Mwalimu Anapouliza, Mtazame Macho

Majuzi nilikalishwa nyuma ya darasa la tano, pamoja na wageni waalikwa, kutazama somo la mfano la sayansi. Mwalimu kijana, shati limenyooshwa, manila zimebandikwa ukuta mzima. Watoto waliimba, wakapiga makofi ya mvua, wakajibu kwa pamoja hadi mabati yakatetemeka. "Mmea hujitengenezea chakula kwa kutumia mwanga wa ju...?" "Aaaa!" Mgeni mmoja akaninong'oneza kwamba hajapata kuona darasa shirikishi kama lile. Baadaye meza kuu ikarudia sifa zile zile, kijana akapewa cheti. Mimi nilikuwa nasubiri chai.

Kijana sina neno naye. Alifanya kile alichojua kitasifiwa. Wanaonikera ni wanaosifu. Ile "aaaa" ni herufi moja, na mtoto anaweza kuitamka huku anawaza maandazi.

Wathibiti ubora wengi huanza na andalio la somo: utangulizi upo, maarifa mapya yapo, kuimarisha kupo, tafakuri ipo, tiki. Mimi hulisoma mwisho, tena kwa adabu tu. Mwandiko wa ubaoni uwe wima. Chaki ya rangi ni ya ramani na viungo vya mwili, basi. Mwalimu anayesema "vizuri sana" zaidi ya mara tatu katika dakika 40 hasikilizi majibu. Mwenye kushika fimbo, hata kama ni ya kuonyeshea ubao, ameshapoteza nusu ya darasa. Asiyekubali haya simlazimishi, ila asiniite kuhukumu naye.

Kiitikio chenyewe hakina kosa. Bibi akisema "Paukwa!" na sisi tukaitika "Pakawa!", hakuwa anapima kama tumeelewa hadithi, hadithi ilikuwa bado haijaanza. Alikuwa anatukusanya. Kiitikio hufungua mlango, na mwalimu anayejua kazi hukitumia hapo, kisha hukiacha. Wapo wanaosema tabia hii ya kujibu kwa pamoja imetoka chuoni, kwenye madrasa za pwani. Waliosema hivyo hawakusoma chuo. Pale kelele ni nyingi, kweli, lakini kila mtoto anapiga kelele ya sehemu yake, na zamu ikifika huenda mbele ya mwalimu peke yake, msahafu au juzuu mkononi, akasikilizwa herufi kwa herufi. Hakuna pa kujificha nyuma ya sauti ya mwenzako. Laiti shule zetu zingeiga hilo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mtazamaji mgeni hulikosa kila mara. Ni kile kinachotokea baada ya swali.

Kila aliyepita chuo cha ualimu alifundishwa utaratibu: uliza, nyamaza, ndipo utaje jina. Anayeanza na jina, "Juma, nini maana ya...", amewapa ruhusa wengine wote kulala. Hilo hata wanachuo walio kwenye mazoezi ya kufundisha, BTP, wanalijua, ingawa hawalifanyi. Kigumu ni hapo katikati, kwenye kunyamaza. Mary Budd Rowe, mtafiti wa elimu wa Marekani, alirekodi madarasa ya sayansi na katika miaka ya 1970 akaeleza alichokuta: walimu, baada ya kuuliza, walisubiri kama sekunde moja tu kabla ya kudakia wenyewe. Waliojizuia hadi sekunde tatu au zaidi walipata majibu marefu, na watoto waliokuwa kimya siku zote wakaanza kusema. Sekunde tatu ni nyingi kuliko unavyodhani. Jaribu kusimama kimya mbele ya watoto tisini uone jasho litakapoanzia.

Lakini ukishahesabu sekunde, bado hujaona kitu. Tazama macho ya mwalimu yako wapi wakati ule.

Nilimjua mwalimu wa hisabati kule Magu, Kanda ya Ziwa, sasa ni marehemu. Alikuwa akiuliza: "Babu ana ng'ombe 48. Robo wamekwenda mnadani. Wamebaki wangapi, na umejuaje?" Kisha anageuka, anachukua dasta, anaanza kufuta ubao. Ubao ulikuwa safi. Wageni walifikiri mzee amechoka, au amesahau jibu. Mmoja aliandika kwenye ripoti kwamba "mwalimu huwapa wanafunzi mgongo". Wakati huo huo nyuma yake darasa lilikuwa linachemka: vidole vinahesabu juu ya mapaja, minong'ono ya Kisukuma inapita dawati hadi dawati, mtoto anamkatalia mwenzake, anachora vijiti kwenye vumbi. Mzee alikuwa anasikiliza kwa kisogo. Minong'ono ikianza kutulia, ndipo anageuka taratibu, haangalii mikono iliyonyooshwa, anamsogelea binti mmoja na kusema kwa sauti ya chini: "Mama, hebu tuambie, jirani yako amesemaje?"

Itazame sentensi hiyo vizuri. Jibu likiwa sahihi, heshima ni ya wote wawili. Likiwa limekosewa, binti hajaaibika. Yeye ni mjumbe tu. Na jirani naye alinong'ona, hakutangaza. Mzee yule alikuwa amewajengea watoto njia ya kukosea bila kudhalilika, na wala haikuwemo kwenye andalio la somo.

Kwa nini mgongo? Kwa sababu watoto wale nyumbani walilelewa kusalimia wakubwa kwa kupiga magoti, macho chini. Kumkodolea mkubwa ni utovu wa adabu, na mkubwa akikukodolea, maana yake umekosa. Kisha anakuja mwalimu kutoka mkoa mwingine, anamkazia mtoto macho, "Nitazame ninaposema nawe!", mtoto anazidi kuinama, na kwenye daftari la maendeleo anaandikwa "mzito". Hili si la Kanda ya Ziwa peke yake. Susan Philips alilikuta jambo la ukoo huo huo kwa watoto Wahindi Wekundu wa Warm Springs, jimboni Oregon, akalitolea kitabu mwaka 1983: watoto waliokaa kimya walipotakiwa kusema mmoja mmoja mbele ya darasa zima walichangamka vizuri walipofanya kazi katika vikundi vyao wenyewe.

Hiyo haimaanishi kila mwalimu ageukie ubao. Pangani ukiwapa watoto mgongo, ukigeuka utakuta wamekuigiza mwendo. Kule mwalimu fundi huwatazama, tena kwa kicheko kidogo pembeni ya mdomo, kwa sababu utani ndio lugha yao ya kufikiri. Ninachouliza mimi ni kimoja: je, mwalimu huyu anajua macho yake yanawafanya nini watoto hawa?

Majibu yaliyokosewa nayo yana daraja lake. Katika vitendawili, aliyeshindwa haambiwi mjinga. Anabahatisha mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, watu wanacheka, akishindwa kabisa anatoa mji na mchezo unaendelea. Mwalimu akipokea jibu baya kwa kusema "mwingine!" na kuruka kwenda kwa mwenye kujua, mkate alama. Akiuliza "umefikaje hapo?", mwongezee.

Walimu wazee wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, tuliwacheka sana. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 nchi ilihitaji walimu kwa haraka, vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa kazi huku wakiifanya, na mitaani herufi zile tatu zikasomwa "Ualimu Pasipo Elimu". Kiingereza chao kilikuwa cha kuombea maji. Lakini wengi walifundisha pale pale walipozaliwa. Walijua nani amelala bila kula, nani kaka yake yuko machungani, nani hutania na nani haguswi. Siku hizi tuna shahada, vishikwambi, na mwalimu asiyejua mtoto wa dawati la mbele anaitwa nani kwao.

Sasa, matapeli. Wapo wanaofundisha somo la ukaguzi siku moja kabla, ili wageni waone marudio. Utawagundua kwa mikono inayonyooka kabla swali halijaisha. Wapo wanaohamisha wenye akili wote kwenye mstari wa mbele. Dawa yake ni kukaa ubavuni, karibu na dirisha, usawa wa dawati la tatu, uone nyuso badala ya visogo. Na yuko mmoja niliyemheshimu kwa ubunifu wake. Darasa zima lilinyoosha mikono kwa kila swali, na kila aliyetajwa alipata. Wageni walikuwa wanafuta machozi. Ilinichukua nusu kipindi kuona kwamba wanaojua walinyoosha mkono wa kulia, wasiojua wa kushoto.

Naye, nikiri, alisubiri sekunde zake tatu kamili.