Pongezi kwa Watu wa Lupingu na Manda

Njombe ikitajwa, wengi hufikiria baridi, chai na viazi. Ziwa husahaulika. Lakini mkoa huu una ufukwe wake Ludewa, kwenye Ziwa Nyasa, na una bandari: Lupingu na Manda. Mabaharia, wapagazi na watumishi wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari wanaoziendesha wanastahili pongezi kubwa kuliko wanazopata.

Milima ya Livingstone hushuka karibu wima hadi majini. Ardhi tambarare ni ukanda mwembamba tu, na hapo hapo zinahitajika nyumba, mitumbwi na chanja za kuanikia usipa. Kuupatia mzigo nafasi yake mahali kama hapo, gati, ghala na uwanja wa lori kugeuzia, bila kumfukuza mvuvi, ni kazi ya akili na subira.

Mwaka 2017 ziwa lilipata meli mbili za mizigo, MV Njombe na MV Ruvuma, zilizoundwa na Songoro Marine ya Mwanza pale Itungi, Kyela. Kila moja hubeba tani 1,000. Huo ni mzigo wa malori zaidi ya thelathini, ambayo hayatalazimika kupanda kona za milimani.

Na kwa mzigo unaotoka ziwani kwenda mbali zaidi, Makambako, zinapokutana reli ya TAZARA na barabara za Zambia na Songea, ndiko shehena hiyo ingeweza kupokelewa. Wapimaji wa ardhi watenge na kuulinda uwanja wa kupakulia karibu na stesheni sasa, kabla maduka hayajaumeza.