Anaanza na Ukurasa wa Pili

Steshenari ninayoizungumzia, hapa Buzebazeba, ina kompyuta mbili, printa moja na dada asiyependa kuharakishwa. Mchana mmoja mwalimu alimletea jedwali la matokeo ya darasa zima: masomo tisa, jumla, wastani, nafasi. Kwenye skrini lilikaa vizuri. Alikotoka walimprintia likaishia kwenye Jiografia.

"Dada, ilaze karatasi tu."

"Subiri, mwalimu wangu. Tulitazame kwanza."

Hapo ndipo ninapompendea. Mimi ningeilaza, nikashusha ukubwa hadi asilimia 60, nikaomba Mungu. A4 ina upana wa milimita 210. Ukiilaza unapata 297, na kwa majedwali mengi zinatosha. Aliilaza, ili mwalimu aone. Safu zile zile zikakosekana.

Akabonyeza F12 kwenye kivinjari, akaanza kusoma matumbo ya ukurasa wa wavuti wenye jedwali. Jedwali lilikuwa ndani ya kisanduku cha kusukuma kwa kidole, kushoto na kulia. Karatasi haisukumwi, kilichojificha nyuma ya ukingo kinakatwa. Kwenye CSS, kanuni za mwonekano wa ukurasa, akalitafuta neno overflow, akaliandikia visible. Nafasi za wanafunzi zikajitokeza, kidogo zimezidi karatasi. Asilimia 85 zikamaliza.

Anagusa kitu kimoja, anatazama, ndipo anagusa kingine. Ukigusa vitatu kwa mpigo, jedwali likinyooka hujui dawa ilikuwa ipi, na kesho utaanza upya.

Nikadhani amemaliza. Yeye akashuka ukurasa wa pili, maana wa kwanza una vichwa vya masomo na hudanganya. Huko chini alama zilikuwa tupu: 43, 71, 38, za somo gani? Kivinjari hurudia vichwa kila ukurasa iwapo vimewekwa ndani ya thead, na aliyetengeneza jedwali hili aliviandika kama mstari wa kawaida. Akavihamisha. Halafu kulikuwa na mtoto aliyepasuliwa: jina lake na la baba juu, la babu limeangukia ukurasa wa pili. Akauambia kila mstari break-inside: avoid, mtoto akashuka mzima. Kanuni za kuipa karatasi sura yake, mbali na ya skrini, zipo tangu CSS2 ya Mei 1998. Watengenezaji wengi wa kurasa hawazigusi. Kazi wameachiwa watu wa steshenari.

Vichwa vilikuwa na rangi ya buluu, mwalimu aliipenda. Dada akaiacha isitoke. Wino, alisema, si maji ya Ziwa Tanganyika.

Akaprinti ukurasa wa pili peke yake. Tarakimu ya mwisho ya kila nafasi haikuwepo: pembezoni zilikuwa sifuri, na printa haifiki ukingoni. Akaziongeza, akapunguza ukubwa kidogo tena, akatoa darasa zima.

Jioni mama wa karanga alipita kuuliza makaratasi mabovu ya kufungia. Alipata moja.